Kiti cha magurudumu si shati la kugawa: pimeni kwanza, ao mabega ya watu yataendelea kulipa

Munajua namna sherehe ya kugawa viti vya magurudumu inavyokwenda hapa kwetu. Gari linafika, viti vinashushwa, vyote saizi moja. Watu wenye ulemavu wamepangwa kwenye mstari tangu asubuhi, jua linawachoma. Jina linaitwa, mtu anabebwa, anakalishwa, picha inapigwa. Kiongozi anasema maneno mawili, shirika linasema maneno kumi, watu wanapiga makofi. Saa nane gari limekwisha kuondoka. Siku nzima hakuna hata mtu mmoja aliyeshika kamba ya kupimia, hata ile ya mshonaji nguo.

Ninasema wazi, na atakayekasirika akasirike: kumpa mtu kiti bila kumpima ni kumkopesha miguu na kumlipisha mabega. Na deni hilo halilipi shirika. Analilipa mama aliyekatwa mguu kwa sababu ya bomu, kijana aliyepigwa risasi ya uti wa mgongo, mtoto aliyeshikwa na polio. Wanalipa polepole, na wanapokwisha kulipa hawana tena miguu wala mikono.

Wengi watauliza: kiti ni kiti, kuna nini cha kupima? Ndiyo maana leo ninataka tuelezane kitu kimoja tu, urefu wa mahali pa kukalia. Si upana, si rangi, si nembo iliyochorwa mgongoni. Ni umbali kati ya bega la mtu na gurudumu analosukuma. Ukielewa hilo, kesho hautapiga makofi tena bila kuangalia.

Kiwiko kinasema ukweli

Anayejisukuma mwenyewe anashika ile duara ya chuma iliyo pembeni ya gurudumu kubwa, anaisukuma kwenda mbele, anaachilia, anarudisha mkono nyuma, anashika tena. Anafanya hivyo karibu mara moja kwa kila sekunde. Pigeni hesabu: dakika 10 ni mara 600. Kwenda kwenye robine ya maji na kurudi, kwenda kanisani, kwenda mahali chakula kinapogawiwa, ni maelfu ya mara kwa siku moja, na kila mara ni bega lilelile.

Kazi hiyo inafanywa na misuli mbalimbali. Mkono unaposhika duara na kuanza kuivuta, misuli ya mbele ya mkono inayokunja kiwiko inasaidia. Gurudumu likienda mbele, misuli ya kifua na ile ya mbele ya bega inabeba mzigo mkubwa, na mwishoni misuli ya nyuma ya mkono inanyoosha kiwiko. Mkono ukirudi nyuma, inafanya kazi misuli ya nyuma ya bega na ile ya shingoni inayoinua bega. Chini ya yote hiyo kuna misuli midogo inayozunguka kichwa cha mfupa wa mkono na kuushikilia mahali pake. Hiyo midogo ndiyo inayochoka na kuchanika mbele ya ile mikubwa, kwa sababu Mungu hakuiumba kwa kazi ya kutembea.

Sasa urefu wa kukalia unaingia wapi? Angalieni kiwiko. Mkono ukinyooka kabisa, kiwiko kiko kwenye nyuzi 180. Kona ya meza ni nyuzi 90. Mtu akikaa vizuri kitini na kuweka mkono juu kabisa ya ile duara, kiwiko chake kinapaswa kuwa kati ya nyuzi 100 na 120, ni kusema kimefunguka kidogo kuliko kona ya meza. Hesabu hiyo sikuitoa kichwani mwangu. Huko Amsterdam, nchini Uholanzi, mtafiti Luc van der Woude na wenzake walitoa mwaka 1989 kazi waliyofanya kwa kubadilisha urefu wa kiti na kupima hewa ambayo mtu anatumia wakati anasukuma. Kiwiko kilipokuwa kwenye nyuzi 100 mpaka 120, mwili ulifanya kazi vizuri zaidi. Kiti kilipoinuliwa mpaka kiwiko kikafika nyuzi 140 na 160, mtu alitumia hewa nyingi zaidi kwa mwendo uleule. Mwaka 2005, wataalamu wa Marekani wanaohudumia watu waliovunjika uti wa mgongo waliandika maagizo ya kulinda mikono, na ndani yake wakaweka nyuzi hizohizo, 100 mpaka 120.

Kiti kikiwa juu sana, mambo matatu yanatokea. La kwanza, mkono unafikia kipande kidogo tu cha juu ya gurudumu. Watafiti wa Pittsburgh, Marekani, pamoja na Michael Boninger, walionyesha jambo hilo mwaka 2000 kwa watu 40 waliopooza miguu: kadiri bega linavyokuwa mbali na kitovu cha gurudumu, ndivyo kipande cha duara ambacho mkono unasukuma kinavyokuwa kifupi. La pili, kwa kuwa kila msukumo ni mfupi, inabidi kusukuma mara nyingi zaidi ili kufika mahali palepale. La tatu, mtu anainama mbele ili afikie, na yule ambaye tumbo na mgongo wake havina nguvu anaweza kuanguka kifudifudi kwenye mawe.

Na kikiwa chini sana? Hapo pia si vizuri. Viwiko vinatoka nje kama mabawa ya kuku, mabega yanapanda karibu na masikio, misuli ya shingo inakaza siku nzima. Mkono unaposukuma katika hali hiyo, mfupa unabana mishipa iliyo juu ya bega. Mtoto aliyewekwa kwenye kiti cha mtu mzima yuko katika hali hiyo kabisa: kwapa zake ziko juu ya mahali pa kuegemeza mikono, na anasukuma akiwa ameinua viwiko. Tunamwangalia tunasema, tazama mtoto amefurahi. Baada ya muda anaacha kusukuma, anangoja ndugu zake wamsukume, na tunasema mtoto huyu ni mvivu.

Sentimita tano si kitu kidogo

Kuna watakaosema nyuzi hizo ni mambo ya Wazungu wenye maabara. Haya, tupige hesabu yetu wenyewe. Chukua mtu mzima ambaye kutoka begani mpaka kiwikoni ana sentimita 30 hivi, na kutoka kiwikoni mpaka kwenye ngumi sentimita 30 hivi. Mkalishe mahali ambapo kiwiko chake kiko nyuzi 110, ni kusema vizuri. Sasa muinue sentimita 5 tu. Kiwiko kinafunguka mpaka karibu nyuzi 130. Muinue sentimita 10, kinafika karibu nyuzi 160, mkono umebaki kidogo tu unyooke. Sentimita 10 ni upana wa kiganja. Kati ya kiti kizuri na kiti kinachoharibu bega kuna upana wa kiganja cha mkono wako.

Na sentimita hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwenye muto. Viti vingi vinavyogawiwa vina kitambaa kitupu cha kukalia. Mtu asiyesikia maumivu makalioni, kwa mfano aliyeumia uti wa mgongo, akikaa juu ya kitambaa hicho saa nyingi, anatoka kidonda. Kidonda hicho kinaweza kufika kwenye mfupa, na kinaua. Kwa hiyo familia inafanya inachoweza: inakunja blanketi mara nne, ao inakata kipande cha matela na kukiweka chini yake. Familia ina haki, makalio lazima yalindwe. Lakini blanketi hilo limemuinua sentimita 5, 7, hata 10, na kiti hakikuwa na mahali pa kurekebisha. Basi tumeokoa makalio, tumeuza mabega.

Aliyegawa kiti bila muto alipaswa kujua hilo. Muto si zawadi ya ziada. Ni sehemu ya kiti, na urefu wa kukalia unapimwa mtu akiwa juu ya muto wake.

Bega la mtu huyu ndilo mguu wake

Wewe unayetembea, bega likikuuma unalipumzisha siku tatu. Unapaka dawa, unamwambia mtoto akuchotee maji. Mtu anayejisukuma hawezi kulipumzisha, kwa sababu bega hilo ndilo linamtoa kitandani, ndilo linampeleka chooni, ndilo linamuinua kutoka kwenye mkeka. Kulingana na uchunguzi mbalimbali uliofanywa katika nchi nyingine, watu wanaoumwa mabega kati ya wanaojisukuma wanafika kuanzia theluthi moja mpaka zaidi ya nusu. Na hao wengi wao wanasukuma kwenye saruji na lami. Sisi hapa tunasukuma kwenye mawe ya Nyiragongo, yale yaliyoshuka mwaka 2002 na kushuka tena mwaka 2021.

Hata kwenye barabara nzuri, kujisukuma kwa duara ni kazi inayopoteza nguvu nyingi. Kati ya nguvu yote ambayo mwili unatoa, ile inayofika kwenye gurudumu ni karibu sehemu 10 tu kwa 100, nyingine inapotea. Ukiongeza mawe, ukiongeza matope ya msimu wa mvua, ukiongeza magurudumu madogo ya mbele yanayozama kama jembe, na juu ya hayo ukamkalisha mtu vibaya, umemwambia: kaa nyumbani. Na kwa muhami, nyumbani ni wapi?

Munakumbuka tarehe 3 mwezi wa tano 2024, mabomu yalipoanguka kwenye kambi za wahami upande wa Lac Vert na Mugunga. Munakumbuka majeruhi walivyojaa katika hospitali za mji. Kisha mwanzoni mwa 2025 kambi zilizozunguka Goma zikavunjwa, watu wakarudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, wengine wakabaki kwa jamaa mjini. Wale waliopewa viti kwa ajili ya kambi wameondoka navyo, ao wameviacha kwa sababu havikupanda mlima. Leo mtu yuko kijijini na kiti ambacho hakikupimwa kwa mwili wake wala kwa barabara yake, na aliyekitoa hajui hata amekwenda wapi. Ndiyo sababu ninaandika sasa. Vita imeongeza watu wanaohitaji viti, na haraka ya vita imekuwa kisingizio cha kugawa vibaya.

Wanavyojitetea

Ninajua watakachojibu, kwa sababu wamekwisha kunijibu mara nyingi, mbele ya mikro na nyuma ya mikro.

Wanasema: kiti kibaya ni bora kuliko kukosa kiti. Kwa wiki ya kwanza, ndiyo. Kwa kumtoa mtu hospitalini mpaka kwenye gari, ndiyo. Lakini mtu huyu atakaa humo saa kumi kwa siku, kwa miaka. Kiti kinachomletea kidonda na kumuharibia bega hakikumsaidia. Munganga anayekupa dawa ambayo si ya ugonjwa wako hawezi kujitetea kwamba vidonge ni bora kuliko kukosa vidonge.

Wanasema: ni hali ya dharura, hakuna wakati wa kupima. Kumpima mtu mmoja kunaomba nini? Upana wa makalio. Urefu kutoka makalioni mpaka nyuma ya goti, halafu unapunguza sentimita 3 mpaka 5 ili ukingo wa kiti usikate damu. Urefu wa mguu kutoka goti mpaka kisigino. Urefu wa mgongo mpaka chini ya mifupa ya bega, ili mgongo wa kiti usizuie mikono. Na kiwiko juu ya gurudumu. Wakati unaotumiwa kwa hotuba unatosha kupima watu wengi.

Wanasema: hakuna pesa. Hapo tuongee vizuri. Kuna pesa za kuchapisha kitambaa kikubwa chenye nembo, kuna pesa za mafuta ya magari matatu, kuna pesa za kulipa mpiga picha. Afadhali mulete viti 60 vilivyopimwa kuliko 100 ambavyo nusu yake vitageuka mahali pa kuanikia nguo. Ninajua kwa nini mia inapendwa: ripoti inayokwenda kwa mfadhili inahesabu viti, haihesabu mabega. Mfadhili akianza kuuliza, baada ya miezi sita ni watu wangapi bado wanajisukuma wenyewe, mutaona kamba za kupimia zikitokea zenyewe.

Wanasema: shida ni barabara, si kiti. Barabara ni shida, ninakubali, nimeisema kwenye radio mpaka sauti imekauka. Lakini barabara mbaya ndiyo inayofanya kiti kizuri kiwe cha lazima. Mahali ambapo kila mita inaomba nguvu mara mbili, hauwezi kutupa nguvu hovyo. Na kuna viti vilivyoundwa kwa ajili ya barabara kama zetu, vyenye gurudumu moja kubwa mbele badala ya mawili madogo, na mwili mrefu usiopinduka haraka. Vipo duniani tangu miaka mingi. Kwa nini hapa vinafika vile vya korido ya hospitali?

Sheria zipo, kanuni zipo

Asiseme mtu kwamba hakuna anayejua namna ya kufanya. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa maagizo kuhusu viti vya magurudumu vya kusukuma kwa mikono katika nchi zenye uwezo mdogo, ni kusema nchi kama yetu. Yanataja hatua nane, kuanzia kumpokea mtu na kumchunguza, kumchagulia kiti, kukiandaa, kumkalisha na kurekebisha, kumfundisha namna ya kukitumia, mpaka kumfuatilia na kutengeneza kinapoharibika. Kugawa kwenye mstari na kupiga picha hakumo katika hatua hizo nane. Mwaka 2023 shirika hilohilo lilitoa maagizo mapya, likasema watu zaidi ya milioni 80 duniani wanahitaji kiti cha magurudumu.

Nchi yetu nayo imetia sahihi. Kongo iliingia mwaka 2015 katika mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 20 cha mkataba huo kinaomba serikali isaidie watu kupata vifaa bora vya kutembelea kwa bei wanayoweza, na kuwafundisha wao pamoja na wafanyakazi wanaowahudumia. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kulingana na mahitaji ya mwili wake. Tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ikatoka sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Kiti kisicho saizi yako si kifaa bora, na hakilingani na mahitaji ya mwili wako. Sihitaji kuwa mwanasheria ili kusoma hilo.

Wataalamu nao wapo. Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu, na katika hospitali kubwa kuna wale waganga wa mazoezi tunaowaita kine. Watu hao wanajua kupima. Mbona mara nyingi tunawaona kwenye kazi yao tu, na hatuwaoni siku ya kugawa? Anayegawa viti bila kumuita hata kine mmoja ameamua kutomuita.

Mambo ambayo familia inaweza kufanya leo

Sitaki mtu amalize kusoma akiwa na hasira tu. Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayejisukuma, fanyeni hivi.

Mumkalishe juu ya muto wake, akiwa ameegemea vizuri. Mumwambie aache mikono ining'inie pembeni, mabega yametulia. Ncha ya kidole cha kati inapaswa kufika karibu na kitovu cha gurudumu. Ikibaki juu sana ya kitovu, amekaa juu mno. Ikipita chini yake, amekaa chini mno. Kisha aweke mkono juu kabisa ya duara ya kusukumia, na muangalie kiwiko: kiwe kimefunguka kidogo kuliko kona ya meza. Hata mtoto wa shule anaweza kuangalia hilo.

Kama amekaa juu mno, musimtoe muto. Ninarudia: musimtoe muto, kidonda kinaua haraka kuliko bega. Nendeni kwa fundi anayeunganisha vyuma, mukiwa na kine kama anapatikana. Fundi anaweza kuunganisha kwenye mwili wa kiti bamba la chuma lenye matundu kadhaa, ili kitovu cha gurudumu kipandishwe juu. Kitovu kikipanda, mtu anashuka. Lakini akishusha nyuma tu, kiti kitalala kuelekea nyuma na magurudumu ya mbele yatasimama vibaya. Lazima mbele nako kushuke kwa kadiri. Na mutakapotoka kwa fundi, mtu mmoja asimame nyuma ya kiti wakati wa kujaribu, kwa sababu kiti kilichobadilishwa kinaweza kupinduka kwa nyuma, zaidi sana kwenye mlima. Fundi akiweza, aongeze vyuma viwili vidogo nyuma vya kuzuia kupinduka.

Mtu anaweza kuuliza: kiti kikishuka, mahali pa kukanyagia si patagonga mawe? Swali zuri. Kinachohesabika ni umbali kati ya bega na gurudumu, si umbali kati ya makalio na ardhi. Kwa hiyo mahali penye mawe makubwa, kuna njia nyingine: kuongeza ukubwa wa gurudumu na duara yake. Gurudumu kubwa linaleta duara karibu na bega bila kushusha mtu, na linapanda mawe kwa urahisi zaidi.

Jambo lingine ni namna ya kusukuma. Misukumo mirefu na ya polepole ni bora kuliko mifupi ya harakaharaka. Mkono ukimaliza kusukuma uachwe ushuke chini ya duara wakati unarudi nyuma, usirudishwe kwa juu. Njia hiyo inapunguza idadi ya misukumo na kulipumzisha bega kidogo katikati.

Na kwa safari ndefu, tusidharau baiskeli zetu za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Kuzungusha kunapoteza nguvu kidogo kuliko kusukuma duara. Wenzetu wanaofanya biashara kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi wanajua hilo kwa kazi yao ya kila siku, wanapitisha mizigo ambayo mimi na miguu yangu miwili siwezi kubeba. Nyumbani kiti, njiani baiskeli: hiyo ndiyo ingekuwa msaada wa kweli kwa wengi.

Ninachoomba

Kwa mashirika ya kiutu: siku ya kugawa, kuwe na kamba ya kupimia, viti vya saizi mbalimbali pamoja na za watoto, muto kwa kila kiti, na kitovu cha gurudumu kinachoweza kuhamishwa. Kuwe na kine na fundi mmoja mahali hapohapo. Murudi baada ya wiki chache kuangalia kiwiko, ngozi ya makalio na magurudumu. Mukishindwa kurudi, muache angalau pesa na maagizo kwa kituo cha karibu.

Kwa wenye mamlaka, wa upande wowote mnakosimamia: musikubali kusimama kwenye picha ya kiti ambacho hakikupimwa. Mnapokubali, mnakitia muhuri.

Kwa wafadhili: ulizeni mabega. Andikeni kwenye mkataba kwamba kiti hakihesabiwi mpaka mtu amepimwa na kufundishwa.

Kwa kamati za wahami na vikundi vya watu wenye ulemavu: mna haki ya kukataa. Mtu akileta viatu vya saizi 45 kwa mtoto wa miaka saba, mtamrudishia. Kiti nacho kirudishwe, kwa heshima, kwa maandishi, na nakala ije kwetu radioni. Tutaisoma hewani, mchana, wakati kila mtu anasikiliza.

Na wewe jirani, siku utakapoona tena mstari ule chini ya jua, usipige makofi mara moja. Angalia kwanza kiwiko cha mtu wa kwanza aliyekalishwa. Kama umeona kimenyooka ao kimeinuka kama bawa la kuku, sema kwa sauti: huyu bado hajapimwa.